Lenzi Iliyogeuzwa

Katika miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye studio ya picha mjini Kakamega, karibu na soko. Mbele kulikuwa na stuli, pazia la samawati na kioo cha kuchania nywele. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza, ambacho zamani kilikuwa stoo. Mwenye studio alipiga picha za harusi, mahafali na matanga. Mimi nilipiga za kitambulisho na kuosha filamu. Sikuwa na malalamiko. Kazi niliijua, na kwa kuangalia negativu tu ningeweza kukuambia nani alikuwa amelia kabla ya kuja kupigwa picha.

Siku moja alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana wa rika langu, aliyekuwa akiishi Buyangu kwa miezi kadhaa akichunguza wadudu wa msituni. Alileta filamu mbili, nyeusi na nyeupe, akaomba zioshwe kwa uangalifu kwa sababu asingeweza kuzipiga tena. Nilidhani ni nyani na miti, kama filamu za watalii. Nikaingia chumba cha giza, nikatumbukiza karatasi ya kwanza kwenye dawa, na chini ya taa nyekundu uso ukaanza kujitokeza. Ulikuwa na macho mawili makubwa yaliyojaa vijumba vidogo vidogo, na nywele katikati ya paji. Nilirudi nyuma nikagonga rafu. Kisha nikainama tena kutazama. Alikuwa nzi.

Aliporudi kuchukua picha zake nilimuuliza alitumia kamera gani. Nilitarajia anitajie mtambo wa kuagizwa ng'ambo. Badala yake aliomba kamera ya studio, akafungua lenzi, akaigeuza nyuma mbele na kuishikilia pale pale kwa mkono.

"Lenzi inafanya mtu mzima aenee kwenye kipande kidogo cha filamu," alisema. "Ukiigeuza, inafanya kinyume. Usizungushe kitu. Sogea wewe mwenyewe, mbele na nyuma, mpaka uone."

Nilitazama kifungo cha sweta yake kupitia kamera. Uzi ulioshikilia kifungo kile ulikuwa mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe.

Mwenye studio alikuwa na kamera nyingine, kuukuu, ambayo kipimo chake cha mwanga kilikuwa kimekufa. Nilimwomba niwe naichukua Jumapili.

"Utapiga nini?"

"Maua. Na wadudu."

"Nani atanunua picha ya mdudu?"

"Hakuna."

"Basi usiiangushe," akasema.

Filamu tulinunua ndefu, ikiwa kwenye mkebe, tukawa tunaikata na kuijaza wenyewe. Vipande vya mwisho, vilivyokuwa vifupi mno kwa kazi ya wateja, aliniachia. Vingine vilikuwa na pozi sita, yaani picha sita, vingine kumi.

Kilichobaki kilikuwa bustani. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaa wa Shieywe, katika nyumba ya mkunga mstaafu ambaye wapangaji wote tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa mjane, mrefu, aliyenyooka, na alituongoza kama alivyoongoza wodi. Mbele ya nyumba yake alipanda dalia, waridi, kana, alizeti na haibiskasi, na kwenye waya wa ua alikuwa ametambaza mkarakara, ule mmea wa matunda tunayoyaita pasheni. Wapangaji hatukuruhusiwa kuvuka mstari wa mawe aliyoyapaka chokaa. Mtu wa chumba cha pili aliwahi kuchuma waridi moja tu kwa ajili ya mchumba wake, na akapewa notisi ya kuhama.

Nilimwendea Jumamosi jioni, akiwa amekaa barazani akichambua mboga.

"Kukhu, naomba niwe napiga picha maua yako."

"Kwa nini? Maua yameanza kuchukua vitambulisho?"

"Najifunza. Nataka kupiga kwa karibu, na wale wadudu wanaokuja."

Mikono yake iliendelea na mboga. Nakumbuka nilishangaa jinsi alivyozichambua upesi bila kuziangalia.

"Usichume," alisema mwishowe. "Usikanyage. Na usiniletee watu."

Filamu ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Ya pili nayo vile vile. Sikuwa nimeelewa kwamba kwa karibu namna ile, kinachoonekana sawasawa ni kipande chembamba kama karatasi. Ukipumua, umekipita. Moyo wenyewe ukidunda, kamera inatikisika. Nilijifunza kuegemeza kiwiko kwenye fimbo, kutoa pumzi nusu na kuibana. Lenzi niliifunga kwa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli, ili nisiishikilie kwa mkono. Baadaye nilitengeneza mrija wa karatasi ngumu, nikaupaka rangi nyeusi ndani, nikauweka kati ya lenzi na kamera, na vitu vikazidi kukua.

Nilijifunza pia saa. Kufika saa nne asubuhi wadudu wameshapata joto na hawashikiki. Lakini saa moja, umande ukiwa bado haujakauka, nyuki walikuwa wamelala kwenye vijiti wakiwa wameviuma kwa taya, na ungeweza kumsogelea mmoja mpaka kioo kikakaribia kumgusa. Jumapili nilikuwa nikichelewa kanisani kwa sababu hiyo, magoti yakiwa na matope. Ndani ya dalia nyeupe nilimkuta buibui mweupe kama ua lenyewe, amemshika nzi shingoni. Kwa macho ya kawaida nilikuwa nimelipita ua lile kila siku nikienda kazini na sikuwahi kumwona.

Lakini mdudu niliyempenda ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Walikuwa wanakaa kwenye boriti za jiko la Kukhu, na asubuhi walitoka wakivuma kama pikipiki ya mbali kwenda kwenye maua ya mkarakara. Ua lile hufunguka asubuhi moja tu na mchana linajifunga. Lina nyuzi za zambarau kuzunguka duara, na juu yake, kama feni ya dari, vinaning'inia vile vijaluba vya unga wa manjano. Nyuki wadogo waliingia na kutoka chini ya vijaluba bila kugusa kitu. Yule mkubwa alipoingia, mgongo wake ulisugua juu, akatoka amepakwa manjano mgongo mzima. Nilimpata kwa pozi moja kati ya kumi. Hata nywele za mgongoni zilihesabika.

Baada ya mvua kubwa za mwaka huo, Kukhu alimwita fundi kuzibua gata, ule mfereji wa maji ya paa. Fundi akaona matundu kwenye boriti za jiko, akamwambia paa litamwangukia. Siku hiyo hiyo wakaziba matundu yote kwa matambara yaliyochovywa mafuta ya taa, na udongo juu. Nilikuwa kazini. Niliporudi nilikuta nyuki weusi wachache wanazunguka ukutani, na baada ya siku tatu hawakuwapo.

Msimu uliofuata mkarakara ulitoa maua mengi kuliko kawaida, na yote yakaanguka. Kukhu aliulaumu udongo, akaongeza samadi. Kisha akaulaumu mche, akasema ataung'oa.

Yule mwanafunzi wa Buyangu alikuwa akipita studio kila mwisho wa mwezi. Nilimwonyesha picha ya nyuki mwenye mgongo wa manjano, na katika mazungumzo nikamsimulia habari ya matundu. Alicheka kwanza, halafu akaacha.

"Mmemfukuza anayefanya kazi," alisema. "Wale wadogo wanaiba unga tu. Huyu ndiye mwenye kimo cha kufikisha unga kule unakotakiwa. Bila yeye, ua linaanguka."

Nikaikuza picha ile mpaka ikalingana na daftari, nikaipeleka nyumbani. Kukhu alikuwa barazani kama kawaida. Nilimweleza mambo yote kama nilivyoelezwa.

"Mimi nimezalisha wanawake wilaya hii nzima," alisema. "Sijasikia ua linalohitaji mkunga."

"Si mkunga, Kukhu. Ni mshenga. Anapeleka habari kwa upande wa pili."

Hilo lilimchekesha. Akanyoosha mkono, nikampa picha. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga.

"Naona," alisema. "Kipepeo mzuri."

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia usoni, naye alikuwa anasubiri niseme kitu, akitabasamu kidogo, na picha ilikuwa juu chini. Nyuki yule alikuwa na upana wa kiganja changu.

"Kukhu," nikamwambia, "hiyo ni juu chini."

Aliiweka picha magotini, akailainisha kwa viganja kama mtu anayekunja nguo. Mpangaji mmoja alipita na ndoo, akasalimu, Kukhu akaitikia vizuri kwa jina lake, kwa kuwa aliijua sauti. Yule alipoingia ndani, akazungumza polepole.

"Mimi naonanga kama mtu ako kwa moshi. Huu ni mwaka wa tatu. Bustani naijua kwa mikono. Nyumba naijua. Nyinyi nawajua mkitembea."

"Watoto wako wanajua?"

"Wakijua watanipeleka Nairobi nikae kwa kochi. Na wewe usiseme."

Niliahidi. Sikujua la kufanya zaidi ya kuahidi. Usiku ule nilikumbuka kila kitu nilichokiona bila kukitambua: mboga zile, mawe ya chokaa ambayo kumbe hayakuwa mpaka wetu bali njia yake, na waridi la yule mpangaji. Alikuwa ameligundua pengo lake kwa vidole.

Sasa naja kwenye jambo ambalo sijisifii. Chini ya tawi la haibiskasi, karibu na bomba la maji, nyigu walikuwa wameanza kujenga. Kiota kilikuwa kidogo, cha rangi ya majivu, kimening'inia kwa kikonyo kimoja. Nilikipiga picha kwa majuma mawili mfululizo. Nilimwona mama yao akikandika kuta kwa mdomo, nikaona mayai, kisha vichwa vya funza vikichungulia vyumbani. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Na katika majuma hayo mawili, nikijua vizuri kabisa kwamba Kukhu haoni, sikumwambia kwamba pale pana nyigu. Sikumficha. Haikunijia tu. Nilikuwa naangalia ndani ya kamera.

Jumamosi moja nikiwa nafua nilisikia beseni likianguka. Kukhu alikuwa ameingiza mkono kwenye haibiskasi kukata matawi makavu. Alisimama wima, mikono usoni, bila kupiga kelele. Nilimvuta mpaka jikoni, nikamwosha kwa sabuni na maji baridi. Jicho moja lilikuwa limeshafumba, mdomo umevimba upande, na mkono wa kulia ulikuwa umejaa mpaka pete ikabana.

"Walikuwa wapi?" aliuliza.

"Chini ya lile tawi la bombani."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nimewapiga picha."

Mimi nilikuwa nalia, yeye hakuwa analia.

"Basi picha zimetoka?" akauliza.

Nikasema zimetoka.

"Angalau."

Uvimbe ulimlaza siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia kwamba ahadi yangu nimeishika, lakini sitaendelea kuishika iwapo hatakubali kwenda hospitali ya macho. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni, maana niliogopa. Hakuna mpangaji aliyewahi kumpa Kukhu sharti.

"Unajua inaitwaje, hii kitu?" alisema. "Mtoto wa jicho. Wengine wote nimewazalisha. Huyu nimemwacha akae miaka mitatu kwa sababu naogopa kisu."

Mwenye studio alinipa ruhusa ya Jumatatu na Jumanne. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Daktari alimulika jicho la kushoto, akasema limeiva kabisa, na kwamba waanze na hilo. Kukhu alimhoji daktari kuhusu ganzi, kuhusu vyombo vilivyochemshwa, na kuhusu nani atakuwa upande wake wa kulia, mpaka yule daktari akaanza kumwita sista. Walipokuja kumchukua alinishika mkono kwa nguvu nikasikia mifupa. Haikuchukua hata saa moja.

Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji. Alipepesa jicho, akaangalia dirisha, akaangalia mikono yake pande zote mbili, kisha akaniangalia mimi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Kukhu."

"Nilifikiri wewe ni mtu mnene. Unatembeanga kwa uzito."

Njiani kurudi alisoma vibao vyote vya maduka kwa sauti. Nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, alizunguka bustani na kukuta dalia tatu zimeoza, na magugu mahali ambapo mkono wake haukuwa ukifika. Alikasirika sana, na aliendelea kukasirika juma zima. Mimi nilifurahi kumsikia.

Ndipo akaomba picha zangu. Nilimletea zote kwenye bahasha, naye akazipanga mezani moja moja, akiziba jicho bovu kwa kiganja.

"Hii ina ukungu," alisema. "Na hii. Na hii. Ni jicho langu ama ni picha?"

"Ni picha, Kukhu."

"Na hii?"

"Hiyo pia."

"Rudia zote."

Alipofika kwa yule nyuki mwenye mgongo wa manjano alitulia. Aliangalia muda mrefu, akafuata mgongo kwa ncha ya kucha. Kesho yake alimwita fundi yule yule, akamwambia alete magogo makavu na kuyafunga kwenye nguzo za ua, kando ya mkarakara. Fundi alidhani mafuta ya taa yamempanda kichwani, lakini aliyafunga.

Nyuki hawakurudi upesi. Msimu huo tulifanya kazi yao sisi wenyewe. Asubuhi kabla ya kwenda studio tulipita ua kwa ua, yeye upande huu na mimi upande ule, tukichota unga wa manjano kwa kidole na kuupeleka kwenye vichwa vitatu vidogo vilivyo juu ya vijaluba, pale ua linapoupokea. Alikuwa mwepesi kunishinda. Mimi nilivunja maua kadhaa, yeye hakuvunja hata moja. Matunda yalishika, akawapa wapangaji wote, hata yule aliyewahi kufukuzwa kwa ajili ya waridi, aliyekuwa amehamia nyumba ya jirani. Mwaka uliofuata nilikuta vumbi la mbao chini ya gogo moja, na juu yake tundu la mviringo kama limetobolewa kwa keekee.

Wanawe walikuja Krismasi wakapata habari ya upasuaji kutoka kwa mpangaji fulani, si mimi. Kulikuwa na maneno makali kidogo barazani. Hakuenda Nairobi. Jicho la pili alifanyiwa upasuaji baada ya miezi sita, na safari hii alikwenda peke yake.

Siku ninayoipenda zaidi ilikuja karibu na mwisho wa kukaa kwangu pale. Nilikuwa nimepata kazi kwenye maabara ya picha za rangi huko Eldoret, na nilikuwa namalizia kipande cha filamu kwenye chipukizi la waridi lililojaa vidukari, wale wadudu wa kijani wasiozidi kichwa cha pini. Kukhu alisimama nyuma yangu na birika la maji ya sabuni, akisubiri niondoke awanyunyizie wafe.

"Ngoja," nilimwambia. "Kuna mmoja anafanya kitu. Njoo uone."

Alikuwa hajawahi kuangalia ndani ya kamera. Alivua kitambaa cha kichwa, akainama taratibu, nikamwekea fimbo chini ya kiwiko na kumwelekeza asogee mbele na nyuma. Alihangaika. Kisha akatulia kabisa, na nikajua amempata.

"Anazaa," alisema.

"Wanazaa hivyo, bila yai."

"Mtoto anakuja vibaya. Anatanguliza makalio." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kazini. "Miguu bado. Kichwa kitakwama."

Alibana pumzi vizuri kuliko mimi. Dakika zilipita. Mama kidukari alikuwa amesimama tu, mdomo ukiwa bado umechomekwa kwenye shina akinywa, na nyuma yake kile kitu kidogo kilikuwa kinaning'inia kwa kichwa. Nilijua hivyo kwa sababu Kukhu alinisimulia kila hatua kwa sauti ya chini, bila kuondoa jicho.

"Ameshika chini kwa miguu," alisema. "Anavuta mwenyewe. Ametoka."

Akanyooka, akashika kiuno. Aliniuliza kama wote huja namna ile, nikamwambia nitamuuliza yule mwanafunzi. Nilimuuliza kwa barua baadaye, akajibu kwamba ndiyo, wote hutanguliza nyuma, na ndiyo kawaida yao.

Picha hatukupiga. Hakuna aliyekumbuka kubonyeza. Kukhu alilichukua birika, akaliangalia chipukizi lile, akaenda kunyunyizia upande wa pili wa bustani kwanza.